Wakuu, nina magazeti ya zamani yanakatika, nataka yasomwe bure mtandaoni, naanzia wapi?

Habari zenu wakuu. Nimeachiwa maboksi ya gazeti dogo la eneo moja, lilishakufa zamani. Mle kuna matangazo ya misiba, matokeo ya mpira, wasomaji wanabishana kwa barua, yani vitu huvikuti kwenye kitabu chochote. Karatasi zimekuwa njano, ukikunjua tu kona inabaki mkononi. Nina simu na skana ndogo ya mezani ila ukurasa hauenei. Naogopa kuyaharibu wakati nataka kuyaokoa, naombeni ushauri.

Mdau 1: Mkuu hiyo skana weka pembeni kabisa. Karatasi ya gazeti ni ya rojo la mbao, ina lignini (ile gundi ya asili ya mti), ndo maana ikipigwa na mwanga na hewa inageuka njano na kuwa kavu, sasa kila ukiligeuza kifudifudi kwenye kioo unalivunja kwenye mkunjo. Lilaze mezani likiangalia juu, kamera ifunge kwenye stendi juu yake, taa mbili moja kila upande kwa nyuzi 45 hivi, piga ukurasa mmoja mmoja. Selotepu usiguse, laminesheni ndo usithubutu!

Mdau 2: Naongezea hapo. Maktaba ya Bunge la Marekani kwenye mradi wao wa magazeti ya zamani, Chronicling America, wanataka nukta 300 hadi 400 kwa inchi, faili mama TIFF (aina ya picha nzito isiyopunguzwa ubora), halafu za mtandaoni unatengeneza nyepesi. Majina ya mafaili anza na mwaka, mwezi, tarehe, ukurasa. Mimi niliacha majina ya kamera, nikaja kufungua picha moja moja kutafuta tarehe, iliniuma sana.

Mleta uzi: Asanteni sana. Na mtu akitaka kutafuta jina la babu yake inakuwaje?

Mdau 3: Hapo unahitaji programu ya kusoma maandishi kwenye picha, Tesseract ni ya bure. Shida gazeti lina safu nyingi na wino umefifia, inaweza kuruka safu ukakuta habari ya msiba imeungana na tangazo la baiskeli. Kwenye Trove, maktaba ya mtandaoni ya Australia yenye magazeti ya zamani, wasomaji wenyewe ndo wanasahihisha makosa, na mimi naona hiyo ndo njia. Pa kuweka, kuna Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, unapandisha bure na maandishi wanayasoma wao.

Mdau 4: Hakimiliki jamani! Gazeti kufa sio haki kufa. Nchi nyingi zinahesabu miaka 50 au 70 tangu mwandishi afariki, kwa hiyo tafuta warithi wa mmiliki wakupe ruhusa ya maandishi. Na karatasi usitupe ukishamaliza, picha ikija kuonekana ina ukungu utarudi wapi?

Mleta uzi: Mtoto wa mmiliki yupo, namtafuta wiki hii. Nianze na boksi lililochakaa zaidi?

Mdau 1: Hapana, anza na lenye hali nzuri mkono uzoee, ndo uingie hilo bovu.