Miche ya avokado niliyopandikiza inakauka Njoro: ni baridi au ni mkono?

Mkulima wa Njoro
Wadau, mwanzoni mwa Julai nilipandikiza vijiti vya Hass, aina ya avokado ya kisasa, kwenye miche 12 ya avokado ya kienyeji. Nilipasua shina, nikachonga kijiti kama kabari, nikafunga kwa nailoni na kuvisha kifuko. Wiki ya tatu, vijiti 9 vimekuwa vyeusi kuanzia nchani. Miche iko kando ya ukuta, inapata jua la asubuhi. Nirudie sasa?

Fundi wa Kitalu
Subiri Septemba. Kidonda cha avokado, pale kijiti kinapokutana na shina, huunga vizuri kwenye nyuzi 20 hadi 25, na usiku wa Julai huko juu hauko karibu na hapo. Baridi yenyewe haiui kijiti; inachelewesha kuunga, kijiti kinaishi kwa maji yake hadi yaishe. Kwaruza gome la shina kwa ukucha. Likiwa kijani, mche ni mzima: ukirudia, kata sentimita 3 hadi 5 chini ya palipokauka.

Lakini weusi wa kuanzia nchani hunifanya nishuku vijiti vyenyewe. Vilikuwa na majani mekundu-mekundu? Basi vilikuwa vichanga. Chagua tawi lililokomaa, nene kama penseli, macho (pale majani mapya yanapochomoza) yamefura bila kufunguka. Siku 7 hadi 10 kabla ya kulikata, ondoa majani uache vikonyo vyake. Vikidondoka ukivigusa, tawi liko tayari. Kijiti kiwe sentimita 10 hadi 12, kabari sentimita 3, iliyochongwa kwa kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti. Kikiwa chembamba kuliko shina usikiweke katikati. Kisogeze upande mmoja hadi utando wa kijani chini ya gome ukutane na wa shina. Hapo ndipo panapounga, si kwenye mti wa ndani.

Mama Miche, Lanet
Na huo ukuta! Kifuko kikipigwa na jua, kijiti kinachemka ndani. Weka miche kivulini. Macho yakifunguka, toboa kifuko kwanza, ukitoe baada ya siku tatu nne. Nailoni ya kidonda usiisahau, shina likinenepa inalikaba.

Jirani wa Nyalenda
Anayesoma akiwa Kisumu kwenye udongo mweusi: mche ulioshika vizuri bado utakufa shimoni maji yakituama, mizizi inaoza. Panda juu ya tuta la nusu mita, kidonda kikae juu kabisa ya udongo.

Mkulima wa Njoro
Majani yalikuwa mekundu kweli. Ile mitatu iliyobaki imetoa machipukizi chini ya kidonda. Niyaache?

Fundi wa Kitalu
Hapana, hayo ni ya kienyeji. Yanyofoe kila wiki yakiwa madogo, la sivyo yatanyonya nguvu yote na Hass itakauka juu.