Naomba ushauri: kijana anajua pembetatu zinalingana, kuthibitisha ndiyo shida

Habari zenu ndugu. Naomba msaada hasa kwa walimu wa hesabu. Namfundisha jioni mdogo wangu, yuko sekondari mwaka wa pili hapa Jinja. Kuchora anachora vizuri. Shida ni uthibitisho.

Mfano: pembetatu ABC, AB = AC, na D iko katikati ya BC. Athibitishe kwamba ABD na ACD zinalingana kabisa. Yeye anaandika: AB = AC, AD ni ya zote mbili, pembe B = pembe C, basi zinalingana. Jibu ni kweli, lakini njia haikubaliki, maana pembe hiyo haiko kati ya pande mbili alizotaja. Na BD = DC, waliyompa bure kabisa, haigusi! Angeitumia, pande tatu zingetosha.

Nilimchorea pembe ya digrii 30, upande wa sentimita 10 kando yake, na wa sentimita 6 unaoikabili. Bikari ilikata mstari mara mbili, zikatokea pembetatu mbili tofauti. Alishangaa kweli, ila kwenye swali jipya anarudia yaleyale.

Sitaki akariri tu masharti manne ya pembetatu kulingana kwa ajili ya mtihani wa UCE, ule wa kumaliza mwaka wa nne wa sekondari hapa Uganda. Nataka aone kwa nini pembe lazima iwe kati. Nimwandikishe sababu pembeni mwa kila mstari, au tuendelee kuchora kwanza? Wenzangu mliofundisha, nini kiliwasaidia wanafunzi wenu?