Naomba ushauri: filamu za zamani za Dr. Kildare, nianze na ipi kwa ajili ya mzee wangu?

Binti Tabibu:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba yangu ni tabibu mstaafu mwenye umri wa miaka 74, na tangu aache kazi amekuwa mpenzi wa filamu za hospitali, ingawa huwezi kukaa naye sebuleni bila kuelezwa kwamba sindano imeshikwa vibaya au kwamba mgonjwa wa namna ile asingekuwa na nguvu za kuzungumza. Tamthilia za siku hizi zimemchosha kwa damu nyingi na mapenzi ya kwenye korido. Nimesikia habari za Daktari Kildare, filamu za Hollywood za rangi nyeusi na nyeupe ambazo ndani yake utabibu na uhalifu huenda pamoja, lakini nikitafuta nakuta mambo yanagongana: ya 1937 ina mwigizaji huyu, ya 1938 ina mwingine, na zipo ambazo Kildare mwenyewe hayumo. Naomba mnielekeze pa kuanzia.

Mzee wa Projekta:
Binti, hazigongani, ni kampuni mbili tofauti. Ya 1937, Internes Can't Take Money, ilitengenezwa na Paramount, na Kildare ni Joel McCrea. Ndiyo yenye uhalifu mwingi kuliko zote: daktari kijana anamfanyia jambazi upasuaji ndani ya baa, kisha analetewa dola 1,000 ambazo kanuni za hospitali hazimruhusu kuzipokea. Mwaka uliofuata MGM walianza upya na Young Dr. Kildare, wakamweka Lew Ayres kuwa Kildare na Lionel Barrymore kuwa mwalimu wake, Dr. Gillespie, bingwa mkali wa hospitali ya Blair General mjini New York. Ushauri wangu ni kuanza na hii ya 1938, kwa sababu humo ndimo wawili hao wanapokutana, na bila kuwajua hao, zinazofuata hazina ladha.

Msomi wa Usiku:
Kwa heshima zote, Mzee wa Projekta, mimi ningeanza na Calling Dr. Kildare ya 1939. Kwa mtu aliyewahi kuhudumia wagonjwa, hakuna kisa kinachombana kuliko kile: Kildare anaitwa kwa siri kumtibu kijana aliyepigwa risasi na anayesakwa kwa kosa la mauaji, naye anamtibu bila kuwaarifu polisi kwa kuwa anaamini kwamba hakuua. Dada wa kijana huyo, ambaye ni Lana Turner akiwa bado chipukizi, anauchanganya moyo wa daktari, na hapo hujui tena kama anaongozwa na kiapo chake au na macho yake. Uhalifu katika filamu ile haukubandikwa juu ya utabibu kama kiraka.

Muuguzi wa Zamu:
Dada, mwandae mzee kwa jambo moja. Utabibu wa humo ni wa zama zake, penisilini ikiwa haijafika mahospitalini, na katika Dr. Kildare's Strange Case ya 1940 mgonjwa wa akili anatibiwa kwa kupewa insulini mpaka apoteze fahamu, matibabu ambayo wakati huo yalitumika kweli na baadaye yakaachwa. Mimi nilikasirika nilipoiona, ila huenda yeye akaitazama kama historia ya kazi yake. Kiti mwendo cha Gillespie, kwa upande mwingine, si maigizo matupu: Barrymore mwenyewe alikuwa hawezi tena kutembea vizuri kwa sababu ya jeraha la nyonga na ugonjwa wa viungo.

Binti Tabibu:
Nawashukuru sana. Bado sijaelewa kwa nini Kildare anatoweka.

Mzee wa Projekta:
Vita, binti yangu. Mwaka 1942 Ayres alitangaza kwamba dhamiri yake haimruhusu kubeba silaha, watu wakamgeuka, kumbi nyingine zikakataa kuonyesha filamu zake, na MGM wakamwondoa. Baadaye alihudumu jeshini kama mtoa tiba huko Pasifiki, ambako majeruhi hawakuwa wa kuigiza. Kuanzia Calling Dr. Gillespie ya mwaka huohuo, mzigo wote ukamwangukia Barrymore hadi 1947, na hadithi zikaelemea upande wa wauaji. Hizo mzee wako anaweza kuziruka. Ukiona ya Richard Chamberlain, hiyo ni tamthilia ya televisheni ya 1961 hadi 1966, usiichanganye na hizi.

Binti Tabibu:
Ninaleta mrejesho, kwa kuwa mlinisaidia. Nilifuata ushauri wa Msomi wa Usiku, Mzee wa Projekta anisamehe. Baba alitazama kimya kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, hakugusa hata chai yake, na yule kijana alipokuwa anashughulikiwa jeraha la risasi mafichoni, alinyanyua mkono niisimamishe filamu. Nilidhani anataka kulalamikia vifaa. Aliniuliza, “Sasa PF3 ya huyu iko wapi?”, yaani ile fomu ya polisi ya majeruhi. Kisha akanyamaza kidogo, akasema kwamba kuna usiku mmoja kazini hajawahi kumsimulia mama, na kwamba niiendeleze filamu kwanza.