Dawa ya kansa kuchomwa jichoni kisa bei: iruhusiwe waziwazi au tunacheza na macho ya watu?

Mwanzisha mada:
Wakuu naleta hili maana nimechoka kubishana na watu wa famasia bila kufika popote. Kuna ugonjwa unakamata wazee, ile sehemu ya katikati ya retina (pazia la nyuma ya jicho linalopokea picha) inachakaa, na aina yake ya majimaji ndio mbaya zaidi, vimishipa vya damu vinaota pale nyuma vinavuja, mtu anaona mstari ulionyooka umepinda, akikutazama usoni anaona doa tu. 2006 Marekani wakaidhinisha Lucentis, inachomwa ndani ya jicho inazuia VEGF, yaani protini inayootesha hivyo vimishipa, na kuna watu wakarudi kusoma kabisa. Ila bei yake ilipotoka, karibu dola 2,000 sindano moja, na hapo ilipangwa kuchomwa kila mwezi!

Kumbe 2005 Dk. Philip Rosenfeld wa Miami alikuwa ameshajaribu kuchoma Avastin jichoni, dawa ya kansa ya utumbo mpana, inazuia VEGF hiyohiyo na mtengenezaji ni yuleyule Genentech. Kichupa kimoja kikigawanywa kwenye bomba nyingi ndogo, dozi inashuka kama dola 50. Avastin haikupewa kibali cha jicho, ila mimi msimamo wangu itumike, tena bila kujificha. Wenzangu mnasemaje?

Mpima Dozi:
Mkuu umeruka sehemu muhimu, hapo kwenye "kikigawanywa". Kichupa kile kilitengenezwa kwa ajili ya dripu ya mgonjwa mmoja wa kansa, hakina kihifadhi, wewe unakifungua unatoa dozi za watu kibao. 2011 kule Florida wagonjwa 12 walipata bakteria ndani ya jicho, chanzo ni bomba zilizogawiwa na famasia moja, na wengi wao jicho lile halikupona. Kibali sio karatasi tu, ni mtu kuwajibika kwa kila chupa.

Mwanzisha mada:
Sawa, hilo la Florida sibishi, inauma. Lakini kilichochafuka ni mikono ya mgawaji, molekuli haina kosa. Swali la kama dawa inafanya kazi lilishajibiwa na CATT, utafiti uliolinganisha Avastin na Lucentis, 2011, wagonjwa 1,208, na hela ilitoka serikali ya Marekani kupitia taasisi yake ya macho, National Eye Institute, maana kampuni yenye dawa zote mbili ingejipima yenyewe ili iweje? Waliochomwa kila mwezi, baada ya mwaka Avastin waliongeza wastani wa herufi 8.0 kwenye chati ya kupimia macho, Lucentis 8.5. Nusu herufi wakuu.

Takwimu Hazidanganyi:
Ungeendelea kusoma mkuu. CATT hiyohiyo madhara makubwa ya mwilini yalikuwa asilimia 24.1 kwa Avastin na 19.0 kwa Lucentis, mbona hiyo umeiacha?

Mwanzisha mada:
Nimeiacha ili mtu aniulize, haha. Angalia hayo madhara yenyewe, mengi hayakuwa yale yanayojulikana kuletwa na kuzuia VEGF, halafu kituko ni kwamba waliochomwa mara chache ndio waliumwa zaidi kuliko waliochomwa kila mwezi. Sasa ni sumu gani hiyo ukipunguza dozi ndio inazidi? Na 2014 Cochrane, wale wanaokusanya na kupitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio yasiyo na mkono wa kampuni hawakuona tofauti ya vifo. Nakubali lakini, CATT haikuwa kubwa kiasi cha kunasa madhara yanayotokea kwa nadra, hapo unanibana.

Mtoto wa Mama:
Mimi sio mtaalamu naomba niseme la kwangu. Mama alianza na ile ya bei akaona vizuri tu, hela ikakata tukaruka miezi, jicho likavuja tena na hiyo sehemu haikurudi mpaka leo. Hakuna aliyetuambia kama kuna nyingine. Mkibishana usalama wekeni na hiyo hesabu ya sindano ambayo haikuchomwa kabisa.

Mpima Dozi:
Pole sana ndugu, na hapo upo sahihi, mgonjwa aambiwe zote mbili na hatari zake kisha achague. Hilo sina ubishi nalo.

Takwimu Hazidanganyi:
WHO waliiweka Avastin kwenye orodha ya dawa muhimu kwa macho tangu 2013, na Italia 2014 waliwapiga Roche (wenye Genentech) na Novartis (wanaouza Lucentis nje ya Marekani) faini zaidi ya euro milioni 180 kwa kula njama kuitia hofu Avastin ili Lucentis iuzike. Kwa hiyo mtoa mada sikupingi moja kwa moja, nataka tu takwimu zisomwe nzima.

Mpima Dozi:
Basi suluhisho lipo, 2024 Ulaya wameidhinisha bevacizumab, yaani kiambata hichohicho cha Avastin, iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho, hakuna kugawana kichupa. Ugomvi umeisha.

Mwanzisha mada:
Umeisha wapi mkuu? Hiyo yenye kibali ikija kwa bei ya kibali, halafu ile ya kugawa ikapigwa marufuku kwa kuwa sasa kuna mbadala rasmi, mama wa huyu ndugu atachomwa ipi?