Nimepangiwa Mlimani: nikae Magufuli, Mabibo au geto (chumba cha kupanga mtaani) Msewe?

BintiNjombe: Shikamooni wakubwa. Naanza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Nimefikia kwa shangazi Mbagala Rangi Tatu. Jumamosi nikaenda kukitazama chuo. Nimeshuka kituo cha Utawala nimechoka kabla sijaanza kutembea. Nkrumah, ule ukumbi wa chuo, nimeutambua mwenyewe, si ndio uliokuwa kwenye noti ya zamani ya mia tano! Tumbili mmoja kamnyang'anya kaka wa watu andazi, nikasahau hata shida yangu.

Hosteli za Magufuli nimeishia kuziona kwa nje, hosteli ya Mabibo sijafika. Msewe dalali kanionyesha chumba cha 80,000 kwa mwezi, kodi ya miezi sita, yeye ya kwake mwezi mmoja, na elfu kumi ya kunizungusha juani. Baba anataka hosteli, shangazi anasema nyumba ipo, nitoke niende wapi. Mnanishauri nini?

MzeeWaKimara: Marahaba. Kaa kwa shangazi. Ugali wa bure hauna mshindani.

DadaMabibo: Mzee, shikamoo, ila hapo sikuungi mkono. Mbagala mpaka Mlimani kila siku? Huyu mtoto atasomea kwenye daladala, tena amesimama.

Mdogo wangu, ulikwenda Jumamosi mchana, siku ambayo chuo kimepoa. Rudi siku ya kazi ukae mpaka saa tatu usiku. Toka maktaba ile mpya (inakalisha watu 2,100 kwa mara moja, na karibu na mitihani bado utatafuta kiti), kisha tembea kwa miguu hadi unapofikiria kulala. Hapo miguu itakujibu.

Mimi mwaka wa kwanza nilipangwa Mabibo. Watu wanaidharau kwa sababu iko nje ya kampasi, lakini marafiki nilionao mpaka leo nimewatoa pale. Kazi ilikuwa njia tu. Mandela ndiyo barabara ya malori ya bandarini, kwa hiyo kipindi cha saa moja asubuhi nilikiamkia saa kumi na moja. Mwaka wa pili nikazembea kuomba chumba, nikabebwa na dada mmoja wa Singida. Kubebana ni hivi: kitanda cha futi mbili na nusu, dabo deka, nanyi wawili mko juu. Ukigeuka chuma kinalia, wa chini anaguna. Wiki tano! Nikahamia geto Changanyikeni na wenzangu wawili. Raha ya kupika dagaa usiku bila kuulizwa niliipata, sikatai. Lakini nikitoka kupiga msuli (kujisomea) usiku, bodaboda inakula bumu (hela ya mkopo wa chuo), na mama mwenye nyumba anafunga bomba saa mbili. Ndoo zangu nilizijaza alfajiri kama niko kijijini.

Magufuli ni majengo 20 ya watu 3,840, yamefunguliwa 2017. Piga hesabu: kila jengo watu 192. Kelele zipo, foleni ya bafuni ipo, ila uko ndani ya kampasi na usiku hurudi peke yako. Kwa binti mgeni wa jiji, mimi ningeanzia hapo. Geto liache mpaka uwajue watu wa kukaa nao. Na huyo dalali usimpe hela kabla hujaongea na mwenye nyumba uso kwa uso.

Fundi_CoET: Dada kamaliza. Niongeze moja: bumu la chakula na malazi ni elfu kumi kwa siku, na halitoki siku unayolihitaji. Kodi ya miezi sita inadaiwa leo. Mwenzangu alilipa Msewe, akapiga deshi (akashinda njaa) mpaka Desemba.

BintiNjombe: Asante dada, asanteni wote. Jana nimerudi na binamu yangu, tumekaa mpaka saa tatu kasoro. Kule kwa dalali Msewe kichochoro cha kuingilia hakina taa hata moja, mchana sikuliona hilo. Nimeomba Magufuli kwenye mfumo, nikikosa nakwenda Mabibo. Shangazi kanuna, kaniuliza kama chakula chake kina kasoro gani. Nimemwambia nitakuja kila Jumamosi kufua.

MzeeWaKimara: Ukienda kufua, beba na sabuni yako.

DadaMabibo: 😂 Na ndoo yenye mfuniko, kanunue Manzese.