Kuku kuishi kwenye keji, yaani kizimba cha waya, maisha yake yote, ni sawa au si sawa?

Nauliza kweli kabisa wadau, maana nina jibu la kutoa kabla ya Jumamosi. Wifi yangu anafuga kuku wa mayai Kibaha, anao 600, wako chini kwenye maranda, sasa hawa wakichoka kutaga anataka awauze alete wapya awaweke kwenye keji za ngazi tatu, na kaniomba nimchangie hela. Nikamwambia wifi nipe siku mbili tatu nifikirie. Akashangaa, unafikiria nini, kuku?

Ndiyo, nafikiria kuku. Wengi wetu tumekua na ile hadithi ya kuku na mwewe. Kuku kaazima sindano kwa mwewe, kaipoteza, mwewe kasema basi mpaka siku utakayoipata mi nitakuwa nachukua watoto wako, na ndo maana hadi leo kuku anachakura chini asubuhi mpaka jioni na mwewe akipita juu anawakusanya wanawe chini ya mbawa. Wengine wanasema ilikuwa wembe, sijui, kwetu Muheza ilikuwa sindano. Bibi akitusimulia alikuwa anamlaumu kuku kwa uzembe, mi nilikuwa namwonea huruma, maana hajakimbia deni, anatafuta kila siku na watoto wako nyuma yake.

Juzi nimeenda na wifi kuona keji kwa mfugaji mwingine. Banda safi, halina harufu kali, mayai yanateleza yenyewe yanakuja mbele unaokota tu. Ila nilisimama mbele ya kuku mmoja muda mrefu. Alijilaza kwenye waya, akawa anatikisa mbawa na kukwangua kwa miguu vilevile anavyofanya kuku anayeoga vumbi, na vumbi halipo, chini ni waya mtupu na kinyesi cha wenzake. Akafanya, akaacha, akarudia tena. Nikawaza huyu hata ile sindano hawezi kuitafuta.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuku wa keji hajui anachokikosa kwa sababu hajawahi kukiona, mi sikubali. Mwili wake unajua. Waswahili walishasema mtoto wa kuku hafunzwi kuchakura, sasa jambo ambalo hakufundishwa utamsahaulishaje?

Upande wa umama ndo kunauma zaidi. Kuku wa mama yangu alikuwa akilalia mayai kwenye tenga jikoni anatoka mara moja kwa siku, anakula mbio mbio anarudi, ukipeleka mkono anakudonoa kweli kweli, siku 21 hivyo hivyo. Zikikaribia kutimia vifaranga vinaanza kulia humo humo ndani ya yai na yeye anavijibu kwa sauti ya chini chini ambayo siku nyingine huisikii. Mwaka mmoja mama alimwekea mayai ya bata, yanachelewa kuliko ya kuku, akalala tu hakuondoka, vikatoka, siku ya kwanza vimeona dimbwi vikaingia majini na yeye akabaki ukingoni anakimbia huku na huku anaita. Hawakuwa wake lakini aliwaita kama wake.

Huyu wa kisasa anatagishwa mayai karibu 300 kwa mwaka na hataatamia hata moja, kwa sababu hamu ya kuatamia wameipunguza makusudi kwenye kuzalisha mbegu, kuku akiatamia anaacha kutaga na biashara inasimama. Hapo sina ubishi na wifi, umama wa kuku huyu ulishaondolewa kabla hajafika Kibaha na hakuna mfugaji anayeweza kumrudishia. Ndo maana naona hiki kilichobaki, kutembea, kuchakura, kunyoosha mbawa, tusikichukue nacho.

Sasa nisimwonee wifi, hoja zake ni nzito. Mwaka jana kuhara damu kumemuulia kuku wengi sana, na kwenye keji kuku hakanyagi kinyesi kwa hiyo ugonjwa ule unapungua, huo ni ukweli. Chini mayai yanachafuka, mengine wanayala wenyewe. Eneo lake ni dogo, kwa kuku sita kila mita ya mraba anahitaji mita 100 kwa hao 600, akipandisha ngazi tatu anaweka zaidi ya mara mbili yake. Na akaniuliza swali ambalo sikulijibu, wifi wewe ukienda dukani unauliza yai limetagwa wapi au unauliza trei shilingi ngapi?

Watu wanapenda kusema Ulaya wamefuta keji. Hawajafuta zote. Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria 1999, ikakaza kabisa 2012, wakaondoa zile keji tupu za sentimita za mraba 550 kwa kuku, yaani karatasi ya A4 ni kubwa kuliko hapo, wakaruhusu za sentimita 750 zenye kiota na fito ya kulalia. Wa sakafuni wanaruhusiwa mpaka 9 kwa mita ya mraba. Na Uingereza tangu 1965 kamati ya Brambell, iliyoundwa na serikali kuangalia ustawi wa mifugo, ilisema mnyama wa kufugwa angalau aweze kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha na kunyoosha viungo. Hayo matano tu. Kwenye zile keji nilizoziona, kuku wanne kwenye chumba kimoja, kunyoosha mbawa hakuna.

Mi mawazo yangu nimchangie hiyo hela lakini iende kwenye banda, aongeze mita chache, maranda yabadilishwe kabla hayajalowa, viota vya kutosha mayai yasizagae, fito za kulala, na chanjo na dawa kwa ratiba. Kaka anasema hizo ni hisia za mtu asiyefuga. Inawezekana, mi sifugi. Kwa hiyo naomba mliofuga kote kuwili mseme mlichokiona kwa macho, kuku wangapi, eneo kiasi gani, vifo vilikuwaje, na kama kuna aliyetoka kwenye keji akarudi chini kwa nini alirudi. Jumamosi saa nne wifi anaenda kulipa nusu ya kwanza.