Mada: Ami anataka kwenda St Helena

Binti Malindi, Leicester
Jumapili, saa 4 usiku

Asalaam aleikum jamaa zangu,

Kuna yeyote humu aliyewahi kufika St Helena? Kile kisiwa alikofungwa Napoleon wa Ufaransa, kule Atlantiki ya kusini.

Anayetaka kwenda si mimi, ni ami yangu. Ana miaka 71, magoti yameanza kugoma, na tangu Ramadhani wimbo wake ni mmoja tu: apaone alipofungwa Sayyid Khalid bin Barghash. Kwa wasiomjua, ndiye yule aliyejiweka Sultani wa Zanzibar Agosti 1896. Siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikalimiminia jumba mizinga, na saa moja haikutimia mambo yakawa yamekwisha. Akakimbilia kwa balozi wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam. Waingereza walipoiteka Dar 1916 wakamkamata, wakampeleka St Helena, kisha Shelisheli, mpaka walipomruhusu kukaa Mombasa, akafia huko 1927. Mombasa ami ameishi, Shelisheli alifika ujanani akiwa baharia. Kimebaki hicho kimoja.

Mimi nina pasi ya Uingereza, yeye ya Tanzania na kibali cha ukaazi wa hapa. Likizo yangu ni siku 9. Zitatosha? Na visa, pesa, chakula cha halali vikoje? Niliona bei ya tiketi nikafunga laptop, nikaenda kunywa chai kwanza.

Mzee wa Coventry
Jumapili, saa 5 usiku

Binti, kwa pesa hizo si bora Tenerife? Volkano ipo, tena kuna kigari cha waya kinachompandisha mtu mlima Teide hadi zaidi ya mita 3,500 bila kugusa goti. Ndege tele. Huyo Sayyid atamsamehe.

Fundi Majokofu, Cape Town
Jumatatu, saa 1 asubuhi

Waaleikum salaam dada. Shikamoo nyingi kwa ami, na kwako pia Mzee wa Coventry, ingawa Tenerife ni Hispania na kwa pasi ya Tanzania ami atapanga foleni ya visa ya Schengen.

Mimi St Helena nimefika. Nilikwenda kufunga vyumba vya baridi, kazi ya wiki mbili ikala karibu tatu, na hapo ndipo pa kuanzia: siku 9 hazitoshi. Ndege ya abiria ni ya Airlink, inatoka Johannesburg Jumamosi. Msimu ukichanganya huongezwa nyingine ya katikati ya wiki kutoka Cape Town. Kwenda hutua Namibia kujaza mafuta, ili upepo ukimkatalia rubani kule mbele awe na ya kurudia. Kisiwa chenyewe ni kichwa cha volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, kilomita za mraba 122 tu, na tambarare hakina. Kiwanja kimebandikwa ukingoni mwa jabali, bahari iko kama mita 300 chini yako, na upepo ukigonga ukuta ule unapinda na kupindua. Kilikuwa kifunguliwe 2016, ndege ya kwanza ya ratiba ikaja kutua Oktoba 2017. Kabla ya hapo ilikuwa meli, siku tano kutoka huku kwetu.

Siku yangu ya kurudi hali ya hewa ilifunga, tukakaa siku mbili zaidi. Hilo la Mungu, sina wa kumlaumu. Lakini kwa ubahili wangu nilikuwa nimekata kipande cha Johannesburg hadi Cape Town mbali, kwa shirika jingine, jioni ileile. Tiketi ikafa, na nauli haikurudi. Kwa hiyo hesabu hivi: Jumamosi kwenda, Jumamosi kurudi, na usiku mmoja au miwili ya kulala Johannesburg kila upande. Ukienda kwa siku 9 utakuwa unaomba dua njia nzima.

Pesa: beba noti. Benki ni moja, mashine ya kutolea pesa kama tuliyozoea sikuiona, na kadi yangu ilinisumbua madukani. Wana pauni yao, thamani sawa na ya Uingereza, na ya Uingereza wanaipokea. Ila chenji utarudishiwa ya kwao, na hiyo ukitoka nayo imekufa. Mimi nilimpelekea shemeji yangu London pauni 40 za St Helena kama zawadi. Muuza duka akaigeuza noti juu chini, akaipigia taa, akamwita mwenzake, mwisho akamrudishia kwa vidole viwili kama samaki aliyelala. Badilisheni kabla ya kupanda ndege.

Bima: lazima, na iwe ya kumsafirisha mgonjwa kwa ndege. Hospitali ni ndogo, ugonjwa mkubwa unapelekwa Afrika Kusini. Mimi niliuziwa bima ya "dunia nzima", nilipoyasoma yale maandishi ya siafu nikakuta visiwa vya mbali havimo. Soma mwenyewe, usiamini kichwa cha barua. Kwa umri wa ami hiyo ndiyo itakayokuuma kuliko tiketi.

Chakula: samaki, samaki, samaki. Jodari wa kule acha kabisa, na vikeki vyao vya samaki vina pilipili ya haki. Halafu kuna kitu wanakiita "plo". Nilisikia nikadhani wananitania. Sufuria moja, wali, nyama, bizari, mboga zote humo humo. Ni pilau, dada! Kisiwa kilikuwa cha Kampuni ya Waingereza ya India Mashariki hadi 1834, meli za kutoka India zikipita hapo, na jina nalo likafupishwa na midomo ya watu. Lakini uliza kwanza: wengi hutia nyama ya nguruwe. Mimi niliwekewa sahani mezani inanukia bizari kama nyumbani, nikaanza kutafuta mdalasini kwa kijiko, kumbe nafukua bacon. Msikiti sikuuona. Kibla ni kaskazini mashariki.

Sweta, hata kama ni mwezi wa tatu. Jamestown, mji wao mkuu, iko bondeni na kuna joto, ukipanda Longwood alikokaa Napoleon unakuta ukungu na manyunyu. Na zile ngazi za Jacob's Ladder, 699, ami asizijaribu. Zimesimama kama ukuta na kila kidato kinataka goti zima. Mpelekeni juu kwa gari, atazame chini, apige picha, awaambie watu amepanda.

Mama Kisauni, Johannesburg
Jumatatu, saa 7 mchana

Binti, upande wa huku msiwe na hofu. Pasi ya Tanzania inaingia Afrika Kusini bila visa, siku 90, na ya Kenya pia tangu Januari 2023. Kama kuna jamaa wa Mombasa atakayewafuata, abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, hapa wanaiulizia kwa anayetoka Kenya.

Ila St Helena yenyewe usije ukasema "ni ya Waingereza, ami ana ukaazi wa Uingereza, basi". Wana uhamiaji wao na sheria zao. Waandikie barua pepe mapema, taja pasi ya Tanzania, na jibu lao ulichapishe. Dawati la kuondokea hapa kwetu wanapenda karatasi. Usilipie ndege kabla ya jibu hilo.

Na mkilala hapa, laleni kwangu. Hoteli ya nini?

Mwana Lubumbashi, Brussels
Jumatatu, saa 2 usiku

Bandugu, naongeza moja. Watu wanakwenda kule kwa ajili ya Napoleon, wanatazama kaburi ambalo halina mtu (Wafaransa walimchukua 1840), wanarudi. Mkifika, shukeni Rupert's Valley, bonde linalofuata baada ya Jamestown. Kati ya 1840 na 1872 Waingereza walikuwa wakikamata meli za watumwa baharini na kuwashusha watu hapo, zaidi ya 25,000, wengi kutoka pande zetu za Kongo na Angola. Walishuka wagonjwa, na takriban 8,000 wamezikwa bondeni. Barabara ya kwenda kiwanja cha ndege ilipokuwa inatayarishwa 2008, mifupa ikatoka. Watu 325 walikaa kwenye maboksi, wakaja kuzikwa upya Agosti 2022. Ndiyo kusema walisubiri kuzikwa miaka 14. Pelekeni hata ua moja.

Binti Malindi, Leicester
Jumanne, saa 3 usiku

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Mama Kisauni, tumeshafika kwako, weka chai.

Nimemsomea ami yote. Kwenye Rupert's Valley alinyamaza, akaniambia rudia. Halafu akauliza: nyumba ya Sayyid ipo?

Fundi Majokofu, Cape Town
Jumanne, saa 4 usiku

Dada, nisimdanganye mzee. Longwood ya Napoleon iko mikononi mwa serikali ya Ufaransa tangu 1858, imepakwa rangi, samani zimepangwa, bustani imekatwa. Sayyid hajapata makumbusho kama hayo. Mimi nilizunguka Jamestown nikiuliza, watu wa kule ni wakarimu ajabu, madereva wanakupungia mkono kila gari mkipishana, lakini kwa jina la Khalid walibaki kunitazama.

Ila kuna huyu. Kwenye uwanja wa Plantation House, nyumba ya Gavana, yupo kobe anaitwa Jonathan. Aliletwa kutoka Shelisheli 1882 akiwa tayari mtu mzima, wanakadiria alizaliwa 1832 hivi. Maana yake miaka yote Sayyid aliyokaa pale, kobe alikuwepo. Sasa haoni, pua nayo imekwisha, masikio ndiyo bado. Nilipomkuta alikuwa kwenye majani, shingo ameinyoosha, daktari wa mifugo anamlisha tango kwa mkono, naye anauma hewa mara mbili ndipo analipata. Wageni husimama pembeni, hawaruhusiwi kumshika.

Binti Malindi, Leicester
Jumatano, saa 12 asubuhi

Ya visa hakuuliza, ya bima hakuuliza. Usiku wa manane kanigongea mlango: "Huyo kobe, nikimtolea salamu kwa Kiswahili atasikia?"

Nimeomba likizo ya siku 14. Barua pepe ya uhamiaji nimeituma sasa hivi, wakijibu nitawaambia.